Kompyuta Iliyokataa Saa za Kariakoo

Nina tabia ya kukumbuka tarehe, na sioni haya kuisema, kwa kuwa ndiyo elimu ya kwanza niliyoipata kwa nguvu zangu mwenyewe. Mume wangu alifariki Alhamisi, tarehe 12 Machi 1998, nami nikakaa eda hadi Jumamosi, tarehe 18 Julai. Siku hizo nilizihesabu kwenye kalenda ya duka la vitambaa, nikitia alama moja kila baada ya sala ya magharibi, na ndizo zilizonionyesha kwamba mwanamke aliyeishia darasa la tatu anaweza kushika hesabu bila kuteleza. Nilipotoka eda nikajiandikisha katika masomo ya jioni. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Cheti cha kidato cha nne nilikipata mwaka 2004, nikakitia fremu, nikakitundika ofisini mahali ambapo mteja hawezi kuketi asikione.

Nayatanguliza haya ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyeyaharibu mambo. Hakuwa mtu asiyejua. Alikuwa mtu aliyejua kidogo, akatundika fremu.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoniachia marehemu, Kariakoo, mlango ukitazama barazani. Nilichapa barua, mihtasari ya vikao, wasia na katiba za vikundi. Pembeni yangu, kwenye baraza hiyo hiyo, alikuwako fundi saa, mzee wa Kihindu aliyerithi meza, kioo na kiti kutoka kwa baba yake. Juu ya meza yangu ilining'inia saa ya ukutani ambayo mume wangu aliinunua Juni 1987, bidhaa za nje zilipoanza kuonekana tena madukani. Aliitegesha kwa hesabu yetu: jua likichomoza na kupanda kidogo, ikasoma saa moja kweli, mshale ukiwa kwenye moja, si kwenye saba. Alikuwa akisema hakupanga foleni miaka yote ile ya dhiki ili aje aletewe saa ya kumgeuzia asubuhi yake.

Jumanne, tarehe 9 Januari 2007, niliiaga taipureta nikanunua kompyuta. Ilikuwa ya mtumba, imeshuka na kontena, na muuzaji wa mtaa wa nyuma aliniapia kwamba sitajuta.

"Mama, hii nimekuwekea Linux ya kuiendesha," alisema. "Haina virusi, haina leseni ya kununua. Hii ngoma itakuzika."

"Usinizike mapema," nikamjibu. "Inachapa?"

"Inachapa mpaka ichoke."

Aliniunganishia waya wa mtandao kutoka chumba cha intaneti kilichokuwa ghorofani, kilichofunguliwa kila siku saa nne asubuhi. Nikaifumia mashine kitambaa cheupe chenye ncha za maua, kama kile cha juu ya redio, nikaanza kazi.

Sasa, katika majivuno yangu, nilikuwa nimejiwekea utaratibu kwamba kila ukurasa unaotoka mikononi mwangu ubebe chini yake tarehe na saa ya kuchapwa. Kompyuta ilikuwa ikiyaandika yenyewe, nami nikafurahi mno. Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Siku ya tatu mzee mmoja, mteja wangu wa miaka, alinirudishia barua yake ameikunja mara nne.

"Mama, hapa umeandika saa nane na robo."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Saa nane na robo mimi ninakuwa nimeshakula, nimelala. Barua hii nimeichukua kwako asubuhi. Unataka watu waseme nimeghushi?"

Mtu mwingine angecheka, akamweleza mzee kwamba mashine inahesabu kizungu, kama simu ya mkononi inavyohesabu, na kwamba Dar es Salaam nzima husoma nane ikatamka mbili bila kutoka jasho. Mimi nilitazama saa ya marehemu, nikatazama fremu, nikaamua kwamba mashine iliyoko Kariakoo itafuata saa za Kariakoo. Niliwahi kumwona muuzaji akibonyeza kitufe kabla Linux haijaanza, ikatokea skrini ya bluu yenye saa ya ndani ya mashine. Nikabonyeza. Nikafuta nane, nikaandika mbili. Nilihisi nimemrekebisha mwanafunzi.

Kesho yake asubuhi nikaikuta imerudi kwenye nane. Nikaandika mbili. Keshokutwa, nane. Ikawa ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kila siku, kabla hata ya kufagia: kuwasha, kubonyeza, kuikosoa mashine, na kushuhudia kwamba ikifika saa nne hivi imeshasahau tena, inachapa kumi chini ya karatasi. Niliisema kuwa ina kichwa kigumu. Haikunijia akilini kwamba ndani ya chumba kile kulikuwa na vichwa vigumu viwili.

Alhamisi, tarehe 1 Februari, umeme ulikatika mchana. Uliporudi, nikawasha. Mistari myeupe ya Linux ikashuka kama kawaida, ikafika mahali, ikasimama. Chini ya skrini kikabaki kijistari kinapepesa. Nikasubiri nusu saa. Nikazima, nikawasha, nikapata mistari ile ile na kijistari kile kile. Asubuhi yake, Ijumaa, ikawaka bila neno, kana kwamba hakuna kilichotokea. Na ajabu, siku hiyo niliikuta saa yake inasoma mbili barabara. Nikaipongeza kwa sauti.

Ikawa hivyo kila umeme ulipokatika, na mwaka ule ulikatika sana. Asubuhi inawaka, mchana umeme ukienda na kurudi inagoma, ikilala usiku inapona. Nikatunga nadharia kwamba inachoka. Nikawa nikiifunika kile kitambaa ili ipumzike. Nilipoona haitoshi, Jumanne, tarehe 6 Februari, niliibeba hadi dukani kwa muuzaji, nikasimama kwenye ngazi yake mbele ya wateja wanne, nikamwambia kwamba kumuuzia mjane kitu kibovu ni jambo ambalo hata wezi wa Jangwani hulionea haya. Kijana wa watu akaichomeka pale pale. Ikawaka.

"Kwangu inawaka, mama."

"Kwako inaona haya."

Akabadilisha pawa saplai, kile kisanduku cha kuingizia umeme, bila malipo. Wiki iliyofuata akabadilisha ram, ile kadi ya kumbukumbu. Ikaendelea kugoma. Kila ilipogoma nilinakili maneno ya mwisho ya skrini kwenye daftari, pamoja na tarehe. Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, yakisema kwamba diski imeandikwa mara ya mwisho katika wakati ujao. Mimi, mwenye daraja C la Kiingereza katika fremu, niliona walioitengeneza Linux wamekosea, kwani kitu kilichokwisha kuandikwa hakiwezi kuwa cha wakati ujao. Nikawasahihishia kwa kalamu nyekundu. Daftari hilo ninalo hadi leo, na wajukuu zangu hawaruhusiwi kulifungua.

Hayo yote yangebaki kuwa maudhi yangu mwenyewe kama asingekuwapo shoga yangu.

Alikuwa mwanamke wa kutoka Lindi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama ishirini na wawili waliouza korosho, mihogo mikavu na unga wa mtama kwa kutandika magunia kando ya barabara. Kwa miaka sita walikuwa wakifukuzwa na mgambo. Magunia yao yalichukuliwa mara nyingi kuliko walivyoweza kusema. Mwanzoni mwa Machi likatoka tangazo kwamba vikundi vinaweza kuomba vizimba ndani ya soko. Maombi yawe yamechapwa, yaambatane na katiba na orodha ya wanachama, yafikishwe ofisini kabla ya saa tisa alasiri, Jumatano, tarehe 14 Machi 2007. Hakuna nyongeza ya siku.

Hakujua kuandika. Kwa jioni tano aliketi mbele yangu akinitamkia, nami nikichapa: maombi, katiba, orodha, kurasa tisa. Hapakuwa na rasimu ya mkono mahali popote, wala nakala nyingine. Jumatatu kazi ilikuwa imekwisha, angeweza kuichukua. Ni mimi niliyesema hapana, pambizo hazijakaa sawa, na majina ishirini na mawili yapangwe kwa alfabeti. Jumanne nikapanga. Jumatano asubuhi nikapangua, nipange upya kwa ukoo.

Saa tano kasoro dakika kumi na sita, umeme ukakatika.

Alifika saa sita amevaa khanga mpya, jozi nzima, ya kwendea ofisini. Akanikuta nimekaa gizani.

"Tayari, shoga?"

"Umeme ukirudi tu."

"Na usiporudi?"

"Utarudi."

Ulirudi saa saba na dakika ishirini. Nikawasha huku yeye amesimama nyuma yangu ananipumulia shingoni. Mistari ikashuka. Ikasimama. Kijistari kikaanza kupepesa.

"Mbona imenyamaza?"

"Imechoka," nikasema, nikanyoosha mkono kuchukua kitambaa.

"Unaifunika? Shoga, unaifunika? Wenzangu ishirini na mmoja wananisubiri, wewe unailaza kitandani?"

"Ni umeme wa nchi hii. Unaiumiza."

"Hapo imeandika nini?"

Nikamsomea, nikamfasiria kwa sauti ya mwalimu: diski imeandikwa katika wakati ujao.

"Basi ujao gani, mwaka kesho? Sisi tunataka leo."

Nikamwambia tukatamke upya kwa mchapaji mwingine. Akanihesabia kwa vidole: kurasa tisa, jioni tano, na mchapaji mwenyewe awe hana foleni. Akashusha mkono. Nilichukua karatasi nikaanza kumwandikia kwa mkono, ingawa tangazo lilikataza. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyejifunza ukubwani, herufi kubwa zinazopanda mlima. Ndiyo sababu nilinunua taipureta, na baadaye kompyuta. Alizitazama herufi zile. Kisha akatoka barazani, nikamsikia akimwita jirani yangu.

"Babu, njoo umsaidie huyu. Mashine imekufa."

"Ni fundi saa!" nilipaza sauti kutoka ndani. "Hii ni kompyuta!"

"Saa nayo si mashine? Babu, usimsikilize, wewe njoo."

Mzee aliingia, kioo chake cha kazi bado kimetundikwa kwenye paji la uso. Ilikuwa saa nane kamili kwa saa ya marehemu. Akasoma skrini, akaomba daftari langu, akasoma na masahihisho yangu mekundu, mstari kwa mstari, bila kutikisa hata nyusi.

"Umewakosoa vizuri," alisema. "Ila hawakukosea. Mashine hii inajuaje saa ngapi?"

"Ina saa ndani."

"Nionyeshe."

Nikazima, nikawasha, nikabonyeza kitufe. Skrini ya bluu ikatokea. Saa ya ndani ilisoma nane na dakika mbili. Kwangu mimi hapakuwa na kasoro yoyote. Ililingana na ya ukutani kama mapacha.

Yeye akaguna. "Dada, wazee wa hapa wakiniletea saa, kabla sijaifunga huwa ninawauliza swali moja: nikutegeshee ya kwetu au ya kizungu? Kwa mshale ni sawa tu, mshale haujali. Hii wanaisoma kwa saa ishirini na nne. Nane ya hii ni asubuhi. Nani ameiweka hivi?"

Nilitazama fremu yangu. Haikunisaidia.

"Mimi."

"Lini?"

"Leo. Na jana. Na kila siku tangu tarehe 12 Januari."

Shoga yangu, aliyekuwa mlangoni, aliziba mdomo kwa ncha ya khanga.

"Basi tazama," mzee alisema. "Umeme ulipokatika, diski ilikuwa imeandikwa kabla ya saa tano yetu, kwa hesabu yao kumi na dakika arobaini na ngapi. Sasa inaamka, inaambiwa ni nane asubuhi. Inaona kazi iliyoandikwa saa ambayo bado haijafika. Wewe ukiletewa leo barua iliyogongwa muhuri wa kesho, utaipokea?"

"Nitaikataa."

"Na yenyewe imekataa. Mnafanana."

Kilichobaki alikuja kunieleza muuzaji baadaye, na nakieleza hapa ili nisiachiwe nafasi ya kujitetea. Kila siku saa nne asubuhi, mtandao wa ghorofani ulipofunguliwa, Linux iliuliza huko nje ni saa ngapi, ikajisahihisha kimya kimya. Jioni nilipoizima kwa taratibu zake, iliihifadhi saa hiyo sahihi katika ile ya ndani. Ndiyo maana asubuhi niliikuta nane. Umeme ulipokatika ghafla haikupata nafasi ya kuhifadhi, ile ya ndani ikabaki na uongo wangu wa asubuhi, nyuma kwa saa sita. Ikilala hadi kesho, uongo huo ulikuwa umeshaupita wakati wa maandishi ya mwisho, na mashine ikawaka. Haikuwa ikipumzika. Ilikuwa ikisubiri mimi nisiwe mwongo.

Mzee hakugusa kitu. Alinisogezea kibodi. "Weka wewe. Ni yako."

Nikafuta nane. Nikaandika kumi na nne. Sijui kama msomaji ataniamini nikisema kwamba nilimwomba radhi marehemu moyoni, nikiwa nimeipa mgongo saa yake. Linux ikaanza, mistari ikashuka, ikafika pale pale pa siku zote, na sote watatu tukaisogelea skrini. Ikasita. Ikasema inakagua diski. Ikaanza kuhesabu kwa asilimia, pole pole, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani. Saa nane na dakika kumi na nane ikafunguka, na kurasa tisa zilikuwamo, majina yamepangwa nusu kwa alfabeti na nusu kwa ukoo.

"Toa hivyo hivyo," shoga yangu alisema.

"Majina hayajakaa…"

"Toa!"

Nikazitoa. Printa yangu ilikuwa ya polepole. Ukurasa wa tisa ulitoka ukiwa na maandishi chini yake: saa 14:37. Akauchungulia, maana tarakimu alizijua za biashara.

"Kumi na nne? Hiyo saa gani tena?"

"Ni sasa hivi," nikasema. "Twende."

Tulikwenda kwa miguu, tukakata viwanja vya Mnazi Mmoja, yeye amekumbatia bahasha, mimi nikimfuata kwa viatu visivyokuwa vya mwendo huo. Katikati ya uwanja nilimshika mkono.

"Shoga, mwezi mzima nimekwambia ni umeme, ni muuzaji. Nilikuwa mimi. Na Jumatatu ungeweza kuichukua kazi yako. Nisamehe."

Hakupunguza mwendo. "Kompyuta siijui. Ila zile asubuhi nilizopita kwako kukusalimia, nilikuwa nikikuona unaishika saa ya mashine, unainua kidevu hivi." Akainua kidevu chake juu kabisa, akitembea, mpaka kijana mmoja wa kuuza maji akageuka kumtazama. "Nikajua hapo pana jambo. Nikasema, huyu amesoma, mimi nani nimuulize?"

Sijawahi kulipwa kwa elimu yangu kwa namna ile.

Ofisini karani alikuwa akifunga madaftari. Akapokea bahasha, akahesabu kurasa, akagonga muhuri juu ya ukurasa wa mwisho. Mimi, ambaye ningeweza kunyamaza angalau mara moja, nikamwomba aandike na saa ya kupokea. Akatazama simu yake, akaandika kwa wino, kwa mkono mzuri wa mtu aliyeanza shule utotoni.

Siku ya pili yake, Alhamisi, tarehe 15 Machi, nilisimama kwenye ngazi ile ile ya muuzaji, nikasema kwa sauti ile ile kwamba kosa lilikuwa langu. Wateja wa siku hiyo hawakuwa wale wanne, hawakuelewa ninazungumzia nini. Yeye alielewa. Aliniletea kiti, akanieleza habari za mtandao, akakataa kurudishiwa gharama ya ram.

"Ila mama, ile ya wezi wa Jangwani," alisema, "iliniuma. Mimi ni wa Jangwani."

Kikundi kilipata kizimba Jumatatu, tarehe 4 Juni. Ni kidogo, kwenye kona, karibu na mlango wa mabomba ya maji, na kina mama wanaingia kwa zamu. Lakini hakuna mgambo anayebeba gunia humo. Nakala ya ukurasa wa tisa imebandikwa ndani, juu ya debe la korosho. Kila niendapo kununua huwa ninaisoma. Chini, mashine yangu imeandika saa 14:37. Juu, kando ya muhuri, karani wa serikali ameandika kwa wino: saa 8:52 mchana. Ukizisoma zote mbili kwa hesabu ya mashine, karatasi ilipokewa karibu saa sita kabla ya kuchapwa.

Hakuna aliyewahi kuikataa.